Kicheko kwa Amri

Ipo filamu ya Kiingereza ya mwaka 1982 iitwayo Privates on Parade, iliyoongozwa na Michael Blakemore kutokana na tamthilia ya Peter Nichols iliyopandishwa jukwaani London mwaka 1977. Kisa chake ni cha kundi la burudani la jeshi la Uingereza huko Singapore na Malaya, wakati ule vita dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti ilipokuwa inaanza. Askari hawa hawakupelekwa huko kupigana. Kazi yao ni kuimba, kucheza, kuvaa magauni ya kike na kuwachekesha wenzao. Wala Nichols hakulibuni jambo hili. Alipokuwa kijana yeye mwenyewe alitumikia katika kundi la namna hiyo Singapore, pamoja na watu waliokuja kuwa mashuhuri katika uigizaji wa nchi yao, Kenneth Williams na Stanley Baxter wakiwamo.

Aitazamaye juujuu atacheka na kwenda zake. Meja Flack, anayeigizwa na John Cleese, ni mtu wa dini na wa amri ambaye mizaha inampita kichwani bila kumgusa, na hilo peke yake lina utamu wake. Lakini kisa hakibaki jukwaani. Meja huyo, akiamini kwamba ana vita vitakatifu vya kupigana, analitoa kundi mjini na kulipeleka msituni, waimbaji na magauni yao, na mambo yanaishia kwenye risasi na maiti. Tena wamo katika kisa hiki watumishi wawili wa Kichina, Lee na Cheng, ambao husikia yote na kuona yote wala hawasemi neno. Mizaha inachezwa mbele yao, katika nchi wanayoishi, na hakuna anayewauliza kama na wao wanaona cha kuchekesha.

Swali linalobaki baada ya pazia kufungwa si la Malaya peke yake. Linaweza kuulizwa vilevile Mwanza, kwenye majabali ya ufukwe wa Ziwa Victoria, mji ambao umepitiwa na majeshi zaidi ya mara moja. Mtu anayemchekesha askari aendaye kuua au kuuawa, je, anamtendea wema mwanadamu mwenziwe, au anamtia mafuta kama bunduki inavyotiwa mafuta, ili kesho afyatuke vizuri?

Afrika ya Mashariki ina haki ya kulijibu swali hili kwa kuwa ililijua jambo lenyewe mapema. Katika Vita Vikuu vya Pili kamandi ya Waingereza katika eneo hili ilikuwa na kikosi chake cha burudani, na jina la Peter Colmore ndilo linalotajwa zaidi katika kukiunda. Humo ndimo alimoingia, mwaka 1944, Fundi Konde, mwana wa Kigiriama wa pwani ya Kenya aliyefariki mwaka 2000 akiwa mmoja wa wazee wa gitaa wa nchi zetu. Wanamuziki hao walivuka bahari kwenda kuwatumbuiza askari waliokuwa India na Burma. Waliotumbuizwa hawakuwa mashabiki wa dansi waliolipa kiingilio mlangoni. Walikuwa vijana wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua zisizokatika, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaua sambamba na Mjapani. Wamo waliotoka kandokando ya Ziwa, wamo waliotoka Songea, Machakos na Nyasa. Vita havikuwa vyao, na wengi walipouliza sababu zake walipewa jibu moja tu: amri.

Mwaka huohuo wa 1944 lilitokea jambo ambalo mtunzi wa tamthilia angelibuni angeambiwa ametia chumvi. Tarehe 12 Februari meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ndani yake mlikuwa na mamia ya askari wa Kiafrika wa mizinga, pamoja na wanamaji na wauguzi wa kike. Mchana ule baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika ndani kusikiliza muziki. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu wapatao 1,300. Waliookoka hawakufika 220. Manowari mbili za Kiingereza, katika kuisaka nyambizi, zilirusha mabomu yao mahali walipokuwa wakielea watu waliobaki hai. Bahari ya Hindi imewameza wengi, lakini msiba huu, uliowagusa watu wa kutoka pembe zote za Afrika ya Mashariki, haukumbukwi kwetu kwa kiasi unachostahili, na washairi wa pwani, wenye mazoea ya kutungia bahari, wangeweza kuulizwa kwa nini.

Je, muziki ule wa mchana ulikuwa udanganyifu? Aliyekuwa akipiga chombo hakujua, na waliosikiliza hawakujua. Lakini aliyewapakia melini alijua kwamba njia ina hatari. Hapa ndipo pa kuanzia kupambanua. Anayechekesha na anayeamrisha ichekeshwe ni watu wawili. Meja wa filamu hamwimbii mtu, anawatumia wanaoimba. Kosa lake haliwezi kubebeshwa yule aliyevaa gauni akapanda jukwaani, ila kama naye alijua.

Plato, katika Jamhuri yake, alitaka walinzi wa mji wasiwe watu wa kupenda kucheka. Aliona kwamba mtu akijiachia kwa kicheko kikubwa, nafsi yake nayo hupinduka kwa nguvu ileile. Ni wazo la mtu aliyeogopa kicheko kwa sababu alikiheshimu. Makamanda wa karne ya 20 waliliona jambo hilohilo wakalitumia kinyume chake: ikiwa kicheko kina nguvu ya kumgeuza mlinzi, basi kitiwe kwenye mgao pamoja na sigara na nyama ya kopo. Hapo kikawa na ratiba, na stoo, na ofisa wa kukisimamia.

Lakini kicheko ni kiumbe mkaidi. Kamanda anaweza kuamrisha kombania nzima iketi mbele ya jukwaa saa moja jioni, na itaketi. Hawezi kuiamrisha icheke. Akiiamrisha atapata kelele za meno, si kicheko, na mchekeshaji atakuwa wa kwanza kujua. Kwa hiyo hata pale palipo na amri kila upande, bado pana kipande kidogo ambacho askari hakukikabidhi pamoja na nguo zake za nyumbani siku ile alipovikwa kombati.

Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kukigundua kipande hicho tangu mwisho wa karne ya 19. Beni, ngoma iliyozaliwa Lamu na Mombasa ikaenea Tanga na Dar es Salaam, ilikuwa ni gwaride lililogeuzwa mchezo. Raia walijipanga safu, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakapiga matarumbeta, wakashindana mtaa kwa mtaa. Vita Vikuu vya Kwanza vikaitia mbawa. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua bara, na baada ya vita majina ya Marini na Arinoti yalisikika mbali sana na harufu ya chumvi. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu kizima juu ya ngoma hii, kilichotoka mwaka 1975, aliwaonya wasomaji wasiione kama dhihaka tupu kwa mkoloni. Onyo hilo ni la haki. Mtu anayejiita Jenerali kwenye ngoma anamcheka Jenerali, na papo hapo anautamani ujenerali. Ila tofauti kubwa na kundi la Meja Flack ni hii: beni haikuwa na mkuu wa jeshi aliyeituma. Vyeo vyake vilitolewa na watu kwa watu, na mtu akichoka na jenerali wake angeweza kuhamia chama cha pili.

Kuhamia chama cha pili ndilo jambo ambalo Wasukuma wamelifanya kuwa elimu. Kusini na mashariki ya mji wa Mwanza, ngoma, au mbina kwa lugha yao, ni mashindano ya vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vyenye asili katika karne ya 19. Makundi mawili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huku na huku. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio mizani: wakivutwa na huyu husogea kwake, wakichoshwa humgeuzia mgongo wakaenda kwa yule, na kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana kila ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hutafuta kila hila ya kuwashika watu. Atatunga maneno ya kejeli, atavaa vioja, ataleta nyoka au nungunungu, atatafuta hata dawa ya mvuto. Baadhi ya vichekesho vinavyoonekana pale vingemwaibisha Meja na kumfurahisha kila mmoja wa askari wake.

Askari aliyeketishwa mbele ya jukwaa ananyimwa jambo hilo tu, la kunyanyuka na kwenda upande wa pili. Si jambo dogo. Ukimnyima mtazamaji miguu yake, mchekeshaji naye amenyimwa mizani yake. Hajui tena kama anapendwa au anavumiliwa.

Hata hivyo uhuru wa mtazamaji hautoshi kuwa jibu, kwa kuwa msiba nao hauna mlango wa kutokea, na bado ndani ya msiba watu hucheka. Huo ndio utani. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana, na husemwa kwamba asili yake ni zile safari za misafara kati ya bara na pwani, ambamo watu wasiojuana walilazimika kuzikana njiani. Mtani huja matangani akamwiga marehemu sauti na mwendo wake, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu, akajilaza hata kaburini. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Mgeni asiyejua atashangaa utovu wa adabu ulioje. Asichokiona mgeni ni kwamba mtani huyohuyo ndiye anayebeba, ndiye anayechimba, ndiye anayefanya kazi nzito na chafu ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Ruhusa yake ya kucheka mbele ya maiti ameilipia kwa jembe.

Kwa kipimo hiki mambo mengi hupangika vingine. Mwanamuziki wa kikosi cha burudani aliyevuka bahari ileile iliyokuwa na nyambizi, akalala katika mvua ileile, ana sehemu ya ruhusa, ingawa hakushika mtutu mstari wa mbele. Meja hana kitu. Na kipo kicheko kingine, cha wakati wa karibu zaidi na cha ng'ambo ya Ziwa hilohilo, ambacho kwa kipimo cha mtani ni aibu tupu.

Idi Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akawa bingwa wa ngumi wa uzito wa juu mwepesi nchini Uganda, na mwaka 1971 akatwaa nchi. Dunia ya mbali ilimwona kama kundi zima la burudani la kijeshi katika mwili wa mtu mmoja: medali, simu za maneno ya ajabu kwa wafalme na marais, ufalme wa Skotilandi aliojitwika. Mwaka 1975 ilitolewa Uingereza santuri ya vichekesho ambamo John Bird alimwiga Amin sauti na Kiingereza chake, kutokana na maandishi ya Alan Coren. Watu walinunua, wakacheka sebuleni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa mjini Kampala, aliuawa baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos, ambako kundi lake lilikuwa limecheza tamthilia yake ya wimbo wa jogoo, Oluyimba lwa Wankoko. Mwandishi wa mizaha wa London alimcheka dikteta na kupata pesa. Mwandishi wa Kampala alimweka jogoo jukwaani na akapoteza roho. Ni vigumu kuviita vicheko hivi viwili kwa jina moja, ingawa lugha haina la pili.

Tena kicheko cha mbali kilikuwa na madhara yake. Kadiri Amin alivyochekwa ndivyo alivyozidi kuonekana mtu wa mchezo, na mtu wa mchezo hashughulikiwi. Waliokuwa wakichukuliwa usiku Kampala hawakuonekana nyuma ya medali zake.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Raia wa huko waliuawa, mifugo ikaswagwa, daraja la Kyaka likabomolewa. Vita vilipokuwa vinawaka Amin alipendekeza wayamalize yeye na Mwalimu Nyerere ulingoni, kwa ngumi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Hapakuwa na mtu Bukoba wa kulicheka hilo kwa raha. Tanzania ilipanua jeshi lake kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa kuwaita mgambo, na Mwanza, mwisho wa reli iliyofika huko mwaka 1928, ikawa moja ya milango ya vita.

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kulipiga ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, kijiwe cha mawe kilicho hatua chache kutoka mjini, ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ya wanyama na ambacho mwaka 2013 kimekuwa hifadhi ya taifa. Waliouawa ni swala. Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza karibu kila mara hucheka, na kicheko chake hakina ubaya. Dola kubwa ya mafuta imetuma ndege yenye kasi kuliko sauti kuja kuua swala waliofungiwa kisiwani. Lakini kila mkazi wa Mwanza anajua palipo ghala na palipo kisiwa, na umbali wa kati yao ni mfupi mno kwa mtu kuendelea kucheka kwa muda mrefu.

Waziri wa Ulinzi wa Tanzania katika siku hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Vijana wengi hawajui kwamba mzee huyu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mwigizaji wa sinema. Katika Muhogo Mchungu, filamu ya vichekesho ya wakati wa ukoloni, ndiye aliyekuwa mtu wa shamba anayekutana na hila za mjini. Robo karne baadaye sahihi yake ilikuwa miongoni mwa zile zinazopeleka watu vitani. Hakuna anayeweza kusema kilichokuwa moyoni mwake, na si adabu kumsemea mtu aliyekwisha kutangulia. Linaloweza kusemwa ni kwamba, kinyume na Meja Flack, huyu aliwahi kusimama mahali pa yule anayechekwa.

Baada ya vita hivyo makundi ya utamaduni ya majeshi yetu, ya JWTZ, ya Jeshi la Kujenga Taifa, ya Polisi na ya Magereza, yaliendelea kuwa shule kubwa ya sanaa nchini: ngoma, sarakasi, dansi, taarabu na vichekesho chini ya paa moja. Heri iliyotokana nayo ni nyingi na haina haja ya kuhesabiwa. Kutoka jeshini alitoka Kapteni John Komba, aliyeliongoza kundi la TOT lililoundwa na chama tawala mwaka 1992, mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa. Watu wa Zanzibar wanalikumbuka zaidi kwa sauti ya binti yao Khadija Kopa, na kwa ushindani wake wa mipasho na Nasma Khamis Kidogo wa Muungano. Ushindani ule ulikuwa na harufu ya Bagika na Bagalu, kwa kuwa mashabiki waliweza kuhama. Kampeni za uchaguzi ni jambo jingine. Huko kundi hupanda kwanza, watu hucheka na kucheza, kisha hupanda mgombea akavuna mkutano ambao si yeye aliyeukusanya. Hakuna anayekufa kwa hilo. Ila yule mchekeshaji amerudi pale pale alipokuwa katika filamu, mbele ya msafara ambao hajaambiwa unakokwenda.

Mwezi wa sita, karibu na Bujora, nje kidogo ya Mwanza, hufanyika sherehe za Bulabo, zilizokuzwa tangu siku za Padri David Clement aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale. Makundi mawili huingia uwanjani, vumbi likapanda. Wazee hupewa nafasi ya kukaa, lakini hakuna anayekaa muda mrefu. Ningi akiona duara lake limeanza kupwaya na migongo imeanza kumgeukia, hamwiti mtu na hamkemei mtu. Huwapa ishara vijana wake wamtoe chatu.